Piga hesabu yako mwenyewe kabla hujasaini mkataba wa hewa ukaa

Siku hizi ukiwa na biashara ya kijamii, iwe inauza majiko banifu, vichujio vya maji, mitambo ya biogesi, au inapanda miti na wakulima, hautakaa muda mrefu kabla mtu hajakutafuta kukwambia umekalia hela, kwamba kila jiko unalouza lina kaboni ndani yake na kuna makampuni makubwa yanasubiri kuilipia kwa dola. Hajakudanganya, ila hajakumalizia. Hela ipo kweli, lakini inachelewa, bei inapanda na kushuka, na mara nyingi anayekula fungu nono ni aliyeandika mkataba, wewe uliyehangaika kuuza majiko unabaki na kilichodondoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua namba zako mwenyewe, mengine yote yanakuja baada ya hapo.

Kwa ufupi kinachouzwa ni hiki: krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo imezuiwa isiende angani au imeondolewa huko. Kama gesi yako ni methane, mfano unayoikamata kwenye samadi, inageuzwa kuwa kipimo cha hewa ukaa, na kwa viwango vinavyotumika sana tani moja ya methane inahesabika kama tani 28 za hewa ukaa, ndo maana watu wa biogesi na taka wanachangamkia sana hili soko. Soko linaitwa la hiari kwa sababu mnunuzi hajalazimishwa na sheria, ananunua kwa kuwa kaahidi wateja au wenye hisa wake kwamba atafidia uchafuzi wake. Na mtu ambaye hajalazimishwa, siku jina la mradi likichafuka anaondoka tu. Ndicho kilichotokea, mwaka 2021 soko hili lilivuka dola bilioni 2, kufika 2023 likawa limeshuka chini ya bilioni 1, na sababu mojawapo kubwa ni magazeti na watafiti kuonyesha kwamba krediti nyingi za misitu na majiko zilikuwa zimekuzwa kuliko uhalisia.

Kwanza: je, bila hela ya kaboni ungefanya hiki kitu?

Hili swali linawaua wengi na halina huruma. Standadi zote zinazoheshimika, yaani mashirika yanayoweka kanuni na kutoa krediti kama Verra, Gold Standard, Plan Vivo na wenzao, zinataka uonyeshe kwamba upunguzaji huo usingetokea bila mapato ya kaboni. Kama biashara yako tayari inaingiza faida nzuri na inapanuka yenyewe, au serikali imeshapiga marufuku hicho kitu unachokiondoa, basi huna cha kuuza, hata kama unafanya kazi nzuri kupita maelezo. Kwa biashara za kijamii hapa pana utata fulani hivi, maana kwa wafadhili unajisifia kwamba unajitegemea, halafu kwa mkaguzi wa kaboni unatakiwa kueleza kwamba bila hiyo hela usingeweza kupunguza bei wala kufika kwa wateja maskini zaidi. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, ila hakikisha nyaraka zako hazipingani, kwa sababu mkaguzi atasoma ripoti zako za mwaka na tovuti yako pia.

Kuna jambo dogo linalohusiana na hili ambalo linakosesha watu hela kabisa: tarehe. Standadi zina ukomo wa kurudi nyuma. Gold Standard inataka uwe umewasilisha mradi kwa mapitio ya awali ndani ya mwaka mmoja tangu mradi uanze, Verra kwa miradi isiyo ya ardhi inataka uthibitisho uwe umekamilika ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo ukisema ngoja tuuze kwanza miaka mitatu ndo tufikirie kaboni, yale majiko ya mwanzo yatakuwa yamekupita. Fanya hivi, hata kama bado hujaamua: kwenye kikao cha bodi kinachofuata weka ajenda ya mapato ya kaboni, andikeni kwenye muhtasari kwamba mmeijadili na kwamba mpango wa bei mnautegemeza kwenye hayo mapato, mwenyekiti asaini, tarehe iwepo. Karatasi moja hiyo imeokoa miradi mingi.

Sasa hesabu

Chukua mfano wa majiko maana ndo wengi wanaanzia hapo. Tuseme umeuza majiko 5,000 na kila moja linaokoa tani 1 ya kuni kwa mwaka ukilinganisha na mafiga. Kuni tani moja ikiungua inatoa kama tani 1.75 za hewa ukaa, kwa namba za kawaida za IPCC, lile jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa. Lakini sio majiko yote yanatumika, kuna yaliyoharibika, kuna yaliyopelekwa kwa ndugu, kuna mtu analitumia siku za mvua tu, kwa hiyo tuseme asilimia 80 ndo yanatumika kweli, yanabaki 4,000. Mara 1.75 unapata tani 7,000. Hapo mtu wa mauzo anaishia na kukuonyesha slaidi.

Kuna namba moja bado, na ndo inayoamua kila kitu. Kama kuni zinakatwa na miti inaota tena kwa kasi ileile, ile hewa ukaa inarudi kwenye mti mpya, hujaokoa kitu. Kwa hiyo unahesabiwa ile sehemu tu ya kuni ambayo misitu haiwezi kuirudisha, wenye kazi wanaiita fNRB. Miradi mingi ya zamani ilitumia namba kama 0.85, utafiti wa karibuni unaonyesha sehemu nyingi ukweli uko karibu na 0.3 au 0.4. Piga sasa: 7,000 mara 0.85 ni 5,950, lakini 7,000 mara 0.35 ni 2,450. Majiko ni yaleyale na wapishi ni walewale, na zaidi ya nusu ya krediti zimeyeyuka. Ukiuza kwa dola 6 (mfano tu huo) unatoka dola 35,700 kwa mwaka hadi 14,700.

Usijidanganye kwamba utapita na ile namba kubwa. Mwaka 2024 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature Sustainability kwamba sampuli ya miradi ya majiko waliyoichambua ilikuwa imejipa krediti karibu mara 9 ya inavyostahili kwa wastani, na mwaka huohuo Verra ikatoa methodolojia mpya ya majiko, yaani kanuni za kuhesabu krediti, inaitwa VM0050, yenye masharti makali zaidi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani wakamfungulia kesi aliyekuwa bosi wa kampuni moja kubwa ya miradi ya majiko kwa madai ya kuchezea takwimu za matumizi. Wanunuzi wameona yote hayo. Weka namba ya chini, ukipata zaidi shukuru.

Halafu toa gharama. Kuna kuandika hati ya mradi, ile wanayoiita PDD, kuna kampuni huru ya ukaguzi ije kuthibitisha mradi mwanzoni, halafu ije tena kuhakiki kila unapotaka krediti zitolewe, na kila ukaguzi ni maelfu mengi ya dola, mara nyingine makumi ya maelfu. Kuna utafiti wa majikoni, kuna ada ya rejista, yaani daftari la mtandaoni linaloonyesha krediti ni za nani, kuna senti kadhaa za dola kwa kila krediti inayotolewa. Ukiziweka zote kwenye ile 14,700 unaona mwenyewe, mradi wa majiko 5,000 peke yake haulipi, na hapo hata mshahara wa mtu wa data hatujaugusa.

Na muda. Kuanzia unaanza makaratasi mpaka krediti ya kwanza inaingia kwenye akaunti yako ya rejista, mwaka mmoja na nusu hadi miaka mitatu ni kawaida kabisa. Kwenye bajeti ya mwaka huu weka sifuri, kweli sifuri. Biashara iliyopunguza bei ya bidhaa leo kwa kutegemea hela ya kaboni ya mwaka kesho inakuwa imejifunga kamba shingoni.

Kwa aina nyingine hesabu zinabadilika. Biogesi tani kwa kila mtambo ni nyingi zaidi lakini mitambo ni michache. Miti inaenda polepole miaka ya mwanzo, na sehemu ya krediti unalazimika kuiweka kwenye akiba ya pamoja ya standadi ili moto au ukame ukipita kuwe na cha kufidia, asilimia kumi na kitu hadi ishirini sio ajabu. Bayocha, yaani mkaa wa mabaki ya mimea unaochanganywa na udongo, ndo kipenzi cha soko kwa sasa, imekuwa ikiuzwa zaidi ya dola 100 kwa tani kwa kuwa kaboni inakaa udongoni muda mrefu, ila inataka malighafi ya uhakika, vipimo vya maabara na mtambo usiotoa moshi wa methane. Umeme wa sola mkubwa unaoingia gridi sahau, Agosti 2024 ICVCM, ile bodi inayopima ubora wa krediti, ilikataa kuzipa nembo yake methodolojia za umeme jadidifu zilizopo kwa sababu hiyohiyo ya swali la kwanza, kwamba sola siku hizi inajilipa yenyewe.

Kaboni ni ya nani, na karatasi ya mauzo

Watu wanarukia kutafuta wanunuzi kabla ya kujiuliza nani mwenye hiyo kaboni. Anayepika kwa jiko lako ndo aliyepunguza kuni, sio wewe. Bila yeye kukukabidhi haki hiyo kwa maandishi huna bidhaa, na mtengenezaji wa jiko kiwandani na msambazaji nao wanaweza kuidai, tani moja ikaishia kuuzwa mara mbili.

Dawa yake iko kwenye risiti. Kwa kila jiko linalotoka jaza fomu fupi, kwa simu ni bora zaidi: namba ya utambulisho (serial) iliyogongwa kwenye jiko, jina la mteja, namba ya simu na ya pili ya jirani au ndugu, mahali kwa GPS, alikuwa anapikia nini kabla, tarehe, na chini sentensi moja kwa lugha anayoielewa inayosema haki ya kaboni inaenda kwa kampuni yako na yeye anapata nini badala yake, labda punguzo la bei au matengenezo ya bure, halafu anasaini au anaweka dole gumba. Ile namba ya simu ya pili usiidharau. Miaka miwili mbele mkaguzi anachagua majina kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha yako, anapiga, na kama nusu ya laini hazipatikani ataanza kuwa na wasiwasi kama hao watu wapo.

Na akifika nyumbani kwa mtu haulizi tu unalitumia au hulitumii, anaangalia. Jiko lina masizi au linang'aa kama la dukani? Mafiga ya zamani bado yana majivu ya moto ya asubuhi? Kuni zilizopangwa ukutani ni ngapi kwa mtu anayesema kaacha kuni? Majiko yanayojipima yenyewe, ya umeme au ya gesi yenye mita, yanakwepa huu mjadala wote, ndo maana soko linayapenda na yanauza krediti kwa bei nzuri zaidi. Kama bidhaa yako inaweza kuwekwa mita bila kupandisha bei sana, weka.

Uingie peke yako au chini ya mwavuli

Kwa namba tulizopiga hapo juu, wengi mtaingia chini ya mtu. Kuna utaratibu wa programu, unaitwa PoA, ambapo mratibu mmoja ameshasajili programu kubwa na miradi midogo inaongezwa ndani yake kidogokidogo, mnagawana gharama za ukaguzi. Gold Standard pia ina njia nyepesi kwa miradi midogo kabisa, ile isiyozidi tani 10,000 kwa mwaka. Kwa wakulima wadogo wa miti Plan Vivo imejengwa kwa ajili yao hasa. Ukiwa na makadirio ya chini yanayopita tani 30,000 au 40,000 kwa mwaka na timu ya data inayoeleweka, hapo ndo nadhani inafaa kufikiria kujisajili mwenyewe, chini ya hapo unajitafutia stresi.

Hasara ya mwavuli ni kwamba mratibu ndo anayetambulika kwenye rejista, krediti zinaingia kwenye akaunti yake, wewe unasubiri akutumie. Kwa hiyo tunaingia kwenye mkataba.

Mkataba, soma kila mstari

Mkataba wa kuuza krediti kabla hazijatoka wanauita ERPA, na vitu vya kuangalia ni hivi nilivyovipanga kwa jinsi vinavyouma.

Bei. Ofa ya bei moja isiyobadilika kwa miaka kumi inaonekana tamu ukiwa huna hela, ila soko likipanda mara tatu mwenzako ndo anavuna. Bora bei ya chini kabisa iliyohakikishwa, halafu juu yake mnagawana kinachozidi, na asilimia yako ihesabiwe kwenye bei ya mauzo, sio kwenye faida iliyobaki baada ya gharama zake, maana gharama zake wewe huzioni, na mtu anaweza kukuletea karatasi inayoonyesha faida ni sifuri miaka mitano mfululizo.

Advansi. Developa wengi, yaani wale wanaoandaa miradi ya kaboni na kuuza krediti, wako tayari kutanguliza hela ya kununulia majiko, na kwa biashara ndogo hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko bei yenyewe. Ila ni mkopo kwa jina lingine. Uliza: krediti zikitoka pungufu nani anabeba? Kama mkataba unasema utafidia upungufu kwa kununua krediti sokoni kwa bei ya siku hiyo, kataa, kabisa. Kubali kulipa polepole kwa krediti za miaka inayofuata, hilo linavumilika. Kumbuka fNRB inaweza kushushwa na standadi wakati umeshasaini, bila kosa lako wala lake, kwa hiyo kiandikwe kabisa kwamba mabadiliko ya methodolojia hayahesabiki kama wewe umeshindwa.

Upekee. Kifungu kinachosema majiko yako yote, ya sasa na yajayo, nchi zote, ni ya kwake. Funga kwenye idadi na eneo: majiko haya 5,000, yenye namba za utambulisho kuanzia hii hadi hii. Mengine mtaongea.

Data. Orodha ya wateja ni mali yako na mkataba ukiisha inabaki kwako, yeye anaitumia kwa kazi ya ukaguzi tu.

Uwazi. Uwe na haki ya kuona mikataba ya mauzo au angalau ripoti ya bei na kiasi kila krediti zinapouzwa, na hela yako ifike ndani ya siku kadhaa tangu yeye alipwe, siku ziandikwe.

Kuhusu mgao wa jamii, wewe ndo unajiita biashara ya kijamii kwa hiyo andika kabla hujaulizwa. Plan Vivo inataka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo iende kwa washiriki, na hata kama hauko kwao hiyo ni namba nzuri ya kujipimia. Mnunuzi mwenye akili atauliza mteja wako anapata nini, jibu likiwa la kuzungukazunguka bei inashuka.

Serikali

Usiingie bila kujua nchi ya mradi inasema nini. Baada ya kanuni za kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa tabianchi, kile kinachohusu nchi kuuziana hizi tani, kupitishwa Glasgow 2021, nchi nyingi zimeanza kutaka kusajili miradi, kutoza ada na kuchukua sehemu ya mapato, na mambo yanaweza kubadilika ghafla, Mei 2023 Zimbabwe ilitangaza kwamba inachukua nusu ya mapato na mikataba iliyopo inafutwa, wawekezaji wakapata kiwewe kabla masharti hayajalegezwa baadaye. Barua ya idhini ya serikali, ile inayosema tani hizi zinatoka kwenye hesabu za nchi, inapandisha bei kwa sababu mashirika ya ndege yaliyo kwenye CORSIA, mpango wa kufidia uchafuzi wa safari za ndege za kimataifa, hayawezi kutumia krediti bila hiyo. Ila ikichelewa miaka miwili krediti zako zinazeeka, na krediti ya mwaka wa zamani huwa bei yake inapungua. Iombe mapema, usiiweke kwenye hesabu mpaka uishike mkononi.

Kuuza

Kama krediti ziko kwenye akaunti yako mwenyewe, madalali watakuwepo tele. Dalali sio mtu mbaya, ana simu za watu usiowajua, ila mwambie akuonyeshe kamisheni yake kwa kila krediti na usimpe zote kwa mkupuo. Uza sehemu kwa mkataba wa miaka michache ili mishahara ilipike, sehemu baki nayo. Andaa kurasa mbili tu za kueleza mradi: tani ngapi, namba gani mlizitumia na kwa nini ni za chini, mnapimaje, mteja anapata nini, picha halisi. Siku hizi wanunuzi wakubwa wanaangalia alama za kampuni za kupima ubora kama Sylvera, BeZero na Calyx Global, na ukweli ni kwamba mradi uliojibana kwenye namba unapata alama nzuri na unaweza kufidia kwenye bei zile tani ulizozikosa.

Krediti ikishatumika inafutwa kwenye rejista ili isiuzwe tena, na rejista za Verra na Gold Standard ziko wazi kwa mtu yeyote. Kila baada ya miezi michache ingia, tafuta mradi wako, angalia zilizofutwa. Mara nyingi pameandikwa zimefutwa kwa niaba ya nani. Hapo utamjua mnunuzi wa mwisho ambaye dalali hakukutajia, na kama mkataba wako haukukatazi kuongea naye, mwandikie barua pepe umwambie kampuni yako ndo inayouza hayo majiko, umpe hali ya wateja ilivyo, na umuulize krediti za mwaka ujao anataka ngapi.